Radi, Bundi, Msitu – Vyote Mimi

Jumatatu, 4 Juni

Nimepata nafasi! Mimi! Tamsin Yarrow, miaka arobaini na moja, fundi wa miti, ambaye Marlcombe nzima inamjua kwa kelele za msumeno wake wa injini na si kwa kingine. Mwezi mzima nimekuwa mshika kitabu tu, ukumbini, namnong'oneza kila anayesahau maneno yake. Leo Desmond, mwongozaji wetu, amebandika orodha ya mwisho ya waigizaji kwenye mlango wa baa, nimeisoma mara tatu. Juu kabisa: Muuaji – Gwilym Prosser. Malkia – Verity Cole. Halafu wengine. Halafu chini kabisa, karibu na msumari: Radi, Upepo, Bundi, Farasi (wa mbali), Msitu – Tamsin.

Yaani maumbile yote ni mimi!

Gwilym alikuwa kaunta. Ni muuza nyama wetu, mabega mapana, sauti imetoka Wales ikakataa kurudi. Akaniambia, Tam, wewe ndiye mwenye kazi kubwa humu, sisi wengine tunakufa tu. Nikacheka kupita kiasi. Bia ikatokea puani. Mbele yake!

Jina la tamthilia silitaji, hata humu. Ni ile ya Uskochi, ya yule mtunzi ambaye watalii wanaulizia nyumba yake mpaka kwenye duka la mbolea. Kila mtu wa maigizo nchi hii anajua: ukilitamka jina la tamthilia hiyo mahali inapochezwa, umeita nuksi. Dawa ni moja – unatoka nje, unazunguka mara tatu, unatema mate, unatukana tusi moja la nguvu, halafu unabisha hodi na kuomba kurudishwa ndani. Mimi siamini mambo hayo.

Lakini silitaji.


Jumatano, 6 Juni

Mazoezi tumeyahamishia bustanini kwa Bi Honor. Jua! Wiki ya tatu hii bila tone la mvua. Nyasi zimekuwa rangi ya biskuti na watu wamechanganyikiwa kwa raha – kasisi amevaa kaptula. Magoti ya kasisi, jamani. Sikuwahi kufikiri kwamba anayo.

Jukwaa letu ni mwaloni. Bi Honor ana miaka themanini na minne, mwaloni wake una kama mia tatu. Tawi moja, nene kuliko kiuno changu, limenyooka kutoka kwenye shina na kupita juu ya nyasi, na chini yake ndipo viti vya watazamaji vitapangwa, kwa sababu kwingine hakuna pa kupanga: kushoto ukuta, kulia bwawa la bata. Kiti cha Bi Honor mwenyewe ni cha ukindu, kina magurudumu mawili nyuma, na kinakaa katikati, mbele, chini ya tawi kabisa. Hapo ndipo marehemu mumewe alipomchumbia. Hahami hapo, hata mvua inyeshe.

Desmond alifundisha jiografia miaka thelathini na hajaacha. Alitukalisha chini akatuhutubia. Wapenzi wangu, humu maumbile si pambo! Ni shahidi! Mfalme anauawa kitandani, nyumba nzima imelala, nani kajua? Upepo umejua, unaangusha mabomba ya moshi. Bundi kajua, analia usiku kucha. Ardhi inatetemeka. Kesho yake jua linagoma kutoka, bundi anamuua kipanga, farasi wa mfalme wanatafunana zizini. Mpangilio wa dunia umevunjwa, na dunia inaugua kabla binadamu hata mmoja hajashtuka! Na mwisho – hapo akapanda juu ya kiti – mwisho msitu wenyewe unainuka na kutembea kwenda kumhukumu muuaji!

Nikainua mkono. Nikasema, Desmond, msitu hautembei. Askari wanakata matawi, wanajificha nyuma yake. Huo ni msitu uliokatwa, na tena vibaya.

Gwilym akaangua kicheko. Desmond akasema, asante, Tamsin, kwa maoni ya kiufundi.

Lakini nimelifikiria njia nzima ya kurudi, kwenye gari. Yule muuaji hakudanganywa. Wale wachawi waliomtabiria walimpa habari yote – msitu ukikujia, umekwisha. Yeye akachukua nusu aliyoipenda: kwamba miti haina miguu, basi yuko salama. Akalala fofofo. Sijui kwa nini Desmond hakusema hilo, ndilo linalonitisha mimi kuliko bundi wake wote.

Ah! Nusura nisahau. Watu wa bima wanataka karatasi iliyotiwa sahihi na fundi kwamba mti hauna hatari. Na fundi ni nani? Nikauzunguka mwaloni, nikagonga shina kwa nyundo, likalia vizuri. Nikatazama juu. Jua lilikuwa machoni, na Gwilym alikuwa anajaribu upanga bila shati. Mti mzima kabisa. Nikatia sahihi juu ya mgongo wa Desmond.


Jumatatu, 11 Juni

Nitaandika vyovyote!

Verity amelitaja.

Tulikuwa katikati ya mazoezi, simu yake ikalia, mama yake. Akasema, Mama, siwezi sasa hivi, niko kwenye mazoezi ya – na akalitamka. Lote. Chini ya mwaloni. Mtu alipiga yowe, nadhani ni mimi. Desmond akawa mweupe. Akanyoosha kidole getini.

Verity ni mke wa daktari wa meno, ana heshima zake, lakini alitoka bila ubishi. Tukamtazama juu ya ukuta. Akazunguka mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu mguu ukaingia kwenye shimo la sungura, tukasikia "ka!" mpaka huku. Kifundo kimevunjika. Tusi alilotoa pale halikuwa tena la kuondoa nuksi, lilikuwa la kweli, na lilidumu mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Gwilym alimbeba mikononi. Nilimwonea wivu mtu mwenye mguu uliovunjika! Nina wazimu.

Dawa ya nuksi ndiyo iliyoleta nuksi. Hakuna aliyecheka isipokuwa Bi Honor.

Halafu Desmond akakaa kwenye nyasi akashika kichwa. Siku kumi na saba zimebaki, tiketi zimeuzwa, Malkia hana mguu. Nani anajua maneno yake? Nani?

Bata tu ndio walioitikia.

Na nyuma ya lile bati ninalolitikisa kuwa radi, na matawi yangu mgongoni, mtu fulani akaanza kusema yale maneno ya Malkia anapotembea usingizini, ananawa mikono ambayo haitakati. Sauti ilikuwa yangu. Nilifika mwisho bila kukosea. Mwezi mzima nimeyanong'ona, na mchana nayasema peke yangu juu ya miti, nikiwa nimejifunga kamba. Nilipomaliza Desmond alikuwa analia. Bi Honor akasema kutoka kwenye kiti chake, "Binti, umekuwa wapi siku zote?"

Malkia! Malkia ni mimi! (Na radi, na bundi, na msitu bado ni mimi. Nitakuwa nakimbia.)

Amri mpya ya Desmond: kuanzia leo, mmoja akilitaja tunatoka wote, tumeshikana mikono, mpaka barabarani kwenye lami. Lami haina sungura.


Jumanne, 12 Juni

Malkia. Malkia. Malkia. Nimepunguza mti wa watu kule Long Marl na kuutangazia mauaji. Mwenye nyumba alitoka kuniuliza kama nimekunywa maji ya kutosha.


Jumamosi, 16 Juni

Maumbile hayataki kushirikiana! Ni kiangazi, giza haliingii mpaka karibu saa nne za usiku, na sisi tunaanza saa moja jioni. Gwilym anaita giza nene lishuke limfiche, huku amekunja uso kwa jua na ana mafuta ya kuzuia kuungua puani. Mfalme anauawa, na ndege juu ya paa anaimba kama yuko harusini. Mtu anatangaza kwamba farasi wametafunana – tunageuka, na farasi wawili wa jirani wamesimama kwenye uzio wamelazana vichwa mabegani kama wachumba. Tumecheka mpaka upanga wa mtu umeangukia bwawani.

Desmond ananung'unika, Tamsin, wewe ndiye msimamizi wa maumbile, yaambie! Nikasema nimeyaambia, yamesema yako likizo.

Baadaye tulibaki wawili kurudia ile sehemu ninayomshawishi aue. Mimi ndiye namsukuma yeye. Ninamwambia kama wewe mwanamume, fanya. Gwilym akaniangalia muda mrefu, akasahau maneno yake, sikumnong'oneza. Kisha akasema, "Tam, bwana, unatisha." Alivyolisema ni kama mtu anayekusifia nguo.

Nimekuja nyumbani naimba. Miaka sita sijaimba humu ndani.


Alhamisi, 21 Juni

Sitaki kuandika hili.

Nilipanda mwaloni asubuhi kufunga kamba ya bati la radi. Nikatembea juu ya lile tawi kubwa, nikafika linapoungana na shina. Juu, mahali ambapo mtu wa chini haoni, kuna ufa. Si mkwaruzo. Nimeingiza kiganja, kikaingia mpaka kwenye vifundo vya vidole. Ndani kumelika, mbao imekuwa kama keki iliyosahaulika.

Nilikaa pale juu nadhani nusu saa. Chini Bi Honor alikuwa anakula mayai yake ya kuchemsha kwenye kiti chake.

Mafundi wote tunalijua hili, ndilo la kwanza kufundishwa. Watu wanaogopa dhoruba. Lakini mialoni mikubwa huangusha matawi siku nzuri. Joto kali, ukame, hakuna upepo, saa za jioni, ndege wanaimba – na tawi la miaka mia linashuka lenyewe. Hakuna bundi anayekuja kukuambia.

Huenda likakaa miaka kumi. Huenda.

Nikisema, watu wa bima wanafunga bustani. Ukumbi wa kijiji una maonyesho ya maua wiki yote hiyo, na hakuna mtu Marlcombe atakayegusa meza za maonyesho ya maua, hata nyumba ikiungua. Basi hakuna tamthilia. Na sahihi ni yangu.

Siku saba zimebaki.


Ijumaa, 22 Juni

Nilikwenda kumwambia. Kweli nilikwenda. Desmond alikuwa jikoni kwake na gundi vidoleni, amenitengenezea taji. Akanivika. Nikasema, Desmond, kuhusu ule mti – akasema, usiseme kitu, kaa hivyo hivyo, tazama kwenye kioo!

Nikatazama.

Linanitosha sawasawa.


Jumatatu, 25 Juni

Nimepata njia! Nimefika bustanini saa kumi na moja alfajiri na mkanda wangu mpana wa kufungia mizigo, ule wa tani tano, nimelifunga tawi kwenye shina, nimekaza mpaka mkono umeuma. Halitashuka. Ni siku tatu tu, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, halafu Jumapili ninamwambia Bi Honor, ninalikata polepole kwa heshima zote. Nimeimba tena nikiendesha gari.

Na kiti cha Bi Honor nimekisogeza hatua tano kuelekea bwawani.

Jioni nikakikuta mahali pake. Nikakisogeza tena. Akanipiga na gazeti. "Binti, mume wangu alipiga goti hapa, si pale kwa bata."


Alhamisi, 28 Juni

Usiku wa kwanza! Si usiku, jua tele – lakini wa kwanza! Lazima niandike kabla sijalala, na sijui kama nitalala wiki hii!

Watu mia moja na ishirini. Mablanketi ya miraba, chupa za chai, pai za nyama ya nguruwe za Gwilym, stroberi na krimu, pombe ya jini yenye vipande vya matango kwenye ndoo. Kasisi, na magoti yake, akasimama kuwakaribisha wageni. Akawashukuru waliopika. Akamshukuru Bi Honor. Akasema, na sasa bila kuchelewa, ketini mfurahie – na akalitamka jina.

Nilidhani Desmond atazimia. Nyuma ya shina tulitazamana. Amri ni amri. Tukashikana mikono, wachawi, askari, mfalme ambaye hajauawa, tukatoka mbele ya watu wote kimya kimya kuelekea getini. Na watazamaji! Mtu wa mstari wa tatu akauliza, tunakwenda wote? Akasimama. Mke wake akasimama na kinywaji chake. Baada ya dakika moja bustani nzima ilikuwa inatufuata! Watu mia moja na ishirini katikati ya barabara, wanazunguka mara tatu, wanatema mate juu ya lami, wanatukana! Mwalimu mkuu alitukana! Mama wa chama cha maua alitoa tusi ambalo Gwilym aliomba aandikiwe. Kasisi alipewa nafasi ya mwisho kwa kuwa kosa lilikuwa lake, akafikiri sana, akasema "matako". Walimpigia makofi.

Halafu tukabisha hodi getini. Na kutoka ndani, kwenye kiti chake, peke yake kwenye bustani tupu – yeye hatoki, ng'o – Bi Honor akapaza sauti: "Ingieni, wapumbavu!"

Baada ya hapo tungeweza kusoma orodha ya bei ya mbolea, wangetushangilia. Lakini hatukusoma orodha ya bei. Nilipotoka na mshumaa wangu kwenye lile jua la jioni, wakanyamaza. Mia moja na ishirini. Hata yule ndege alinyamaza. Nilinawa mikono yangu na nilisikia mtu anavuta pumzi.

Sijawahi kuwa na furaha hivi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Sikutazama juu hata mara moja.


Ijumaa, 29 Juni

Tena! Bora kuliko jana! Watu mia na arobaini, wengine wamekuja kutoka mjini, wamesikia habari ya barabarani na wamesikitika kwamba leo hakuna aliyelitaja. Gwilym alinibusu nyuma ya hema la kubadilishia nguo – shavuni, lakini pole pole, na alikuwa anacheka, na alinuka damu ya bandia, yaani sukari na rangi. Kasema kesho tukimaliza twende tukale chipsi kando ya mfereji, wewe na mimi, bila Desmond.

Nitavaa nini?

Nilipopita chini ya tawi na matawi yangu ya msitu, kitu kidogo kiliangukia begani. Unga wa mbao. Nimeupangusa.

Mkanda ni wa tani tano. Tawi lile na majani yake ni – sitapiga hesabu hiyo usiku wa leo.


Jumamosi, 30 Juni

Hemani. Mapumziko. Naandika nyuma ya karatasi za maneno ya tamthilia kwa kalamu ya nyusi.

Joto la leo halielezeki. Hakuna upepo hata wa kutikisa jani moja, bwawa ni kioo. Watu mia na sitini. Desmond kaongeza viti, viti vyote vilivyoongezwa viko chini ya tawi kwa sababu ndipo penye kivuli. Wanakula. Nawasikia. Mtu anapasua pai, mtu anauliza nani ana chumvi.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama ndoto. Tumemuua mfalme. Nimetikisa bati, nimelia kama bundi, nimerudi mbio kuvaa taji. Halafu yule mzee anatoka kusema farasi wametafunana, watu wote wakageuka kuwatazama wale farasi wa jirani ili wacheke. Hawakuwapo uzioni. Wamekwenda mwisho kabisa wa shamba, wamesimama wametupa mgongo. Watazamaji wakacheka kwa hilo pia.

Mimi sikucheka kwa sababu nilisikia.

Si kelele. Mlio mwembamba, kama mlango wa kabati la bibi. Nikatazama juu, mara ya kwanza siku tatu hizi. Mkanda umekazika mpaka umekuwa mwembamba, na kwenye ukingo nyuzi zimeanza kuachana. Ufa unaonekana sasa kutoka chini. Naweza kuona mbingu kupitia kwenye mti.

Desmond nimemwambia. Nimemwambia! Dakika tano zilizopita, nimemshika kola. Nikasema tawi linashuka, watoe watu. Akasema, mpenzi wangu, umelikagua wewe mwenyewe, hiyo ni hofu ya jukwaani, Verity huwa anatapika. Akanipa peremende. Anaamini sahihi yangu kuliko mdomo wangu. Na kwa nini asiamini? Niliiweka juu ya mgongo wake.

Gwilym amechungulia. Nikamwambia Gwilym, tawi. Amenitazama usoni, kisha juu, ni mtu anayejua uzito wa kitu kinachoning'inia. Hakuuliza mara mbili. Nimemtuma getini alifungue lote na asimamishe magari barabarani. Kaondoka mbio na joho lake la kifalme.

Nikitoka kupiga kelele "mti!", nawajua watu wangu. Nusu watatazama juu papo hapo walipo. Nusu watasema ngoja nifunike stroberi. Mwingine ataona ni sehemu ya mchezo, atapiga makofi. Dakika kumi zitapita wanaulizana nani kasema nini, chini ya tawi.

Lakini kuna neno moja linalowasimamisha watu wa Marlcombe kwa pamoja na kuwapeleka barabarani, wakicheka, bila kusukumana, kwa dakika mbili. Nimeliona kwa macho yangu. Siku mbili hizi wanalisubiri. Kasisi ana tusi jipya, kaniambia.

Kwa hiyo sitanawa mikono leo. Natoka na kusimama katikati, na nalitamka jina. Wakishafika wote kwenye lami, wakishazunguka na kutema mate, sitawaacha wabishe hodi. Nitafunga geti niwaambie pale pale: ufa, kiganja changu ndani yake, siku tisa, karatasi. Watanitukana. Watakuwa tayari wamejizoeza.

Taji nimelivua. Limeacha alama kwenye paji la uso.

Nimelijaribu jina kwa sauti ndogo, hapa hemani. Ulimi umekubali. Nje ule mlango wa kabati umelia tena, mrefu zaidi, na mtu kasema, sikilizeni, radi ya Tamsin.

Desmond anaita, Malkia, dakika moja. Wote watatoka, najua, isipokuwa yule mmoja ambaye hatoki. Kiti cha Bi Honor nimeshakitazama, magurudumu yako nyuma, breki hakina. Mshumaa nauacha hapa, nitahitaji mikono yote miwili.